Jinsi ya Kukwea Ufa Mfupi wa Mwamba wa Jangwani kwa Kujiwekea Kinga Mwenyewe

Ufa wa mita 20 katika ukuta wa jiwe la mchanga huonekana kazi ndogo ukiutazama kutoka chini. Mwanzo wake na mwisho wake vyote viko machoni, hakuna njia panda ya kumpoteza mtu, na mkweaji hodari huumaliza mapema bila kuhema sana. Ufupi huo ndio unaowaponza wengi. Katika njia ndefu, mkweaji aliyekwisha kupanda mita 60 akiteleza huanguka hewani na kamba ikamdaka mbali na ardhi, ilhali katika njia fupi sehemu kubwa ya safari hufanyika mahali ambapo ardhi ingali karibu vya kutosha kumpokea kabla kamba haijakaza. Kwa sababu hiyo, karibu kila shauri lililomo katika mwongozo huu linatokana na swali moja ambalo mkweaji anapaswa kujiuliza kila anapohamisha mkono: nikiteleza sasa hivi, nitasimamia wapi?

Ukweaji unaozungumziwa hapa ni ule wa jadi, ambapo anayetangulia hakuti bolti zilizotobolewa ukutani, bali huweka vifaa vyake mwenyewe ndani ya ufa kadiri anavyopanda, hupitisha kamba kwenye vifaa hivyo, na mwenzake anayemfuata huvitoa vyote. Ninachukulia kwamba msomaji tayari anajua kufunga fundo la nane, kushika kamba ya mwenzake kwa kutumia breki, na kushuka kwa kamba. Asiyejua mambo hayo na ajifunze kwanza kwa mtu mwenye uzoefu, uso kwa uso, kwa kuwa maandishi hayawezi kumshika mkono pale anapokosea.

Kulijua jiwe kabla ya kuligusa

Mahali panapojulikana zaidi duniani kwa nyufa za namna hii ni Indian Creek, kusini-mashariki mwa jimbo la Utah nchini Marekani. Kuta zake ni za jiwe la mchanga liitwalo Wingate, lililotokana na matuta ya mchanga yaliyorundikwa na upepo takriban miaka milioni 200 iliyopita, na limepasuka kwa mistari iliyonyooka mno hivi kwamba ufa mmoja unaweza kuwa na upana uleule tangu chini hadi juu. Uzuri huo una gharama yake. Chembe za mchanga katika jiwe hilo zimeshikamanishwa na madini ambayo hulegea yakilowa maji, na jiwe lililolowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake hata kama uso wake umekwisha kukauka kwa jua na upepo.

Kwa hiyo mvua ikinyesha, usikwee. Wakweaji wa jangwani hungoja kati ya saa 24 na 72, wakizingatia mvua ilikuwa nyingi kiasi gani, ukuta unaelekea upande gani, na jua lilirudi kwa kasi gani. Njia rahisi ya kupima ni kuchimba udongo kwa kidole karibu na tako la ukuta: ukikuta unyevu chini ya tabaka la juu lililokauka, jiwe nalo bado lina maji ndani. Jambo hili halina nafasi ya mjadala. Kifaa kilichowekwa kwa ustadi kabisa katika jiwe lenye unyevu kinaweza kuchomoka pamoja na vipande vya ukuta, na hata kama mkweaji akinusurika, kingo za ufa zilizomeguka hazitarudi tena na njia imeharibika kwa wote watakaofuata.

Chini ya ukuta nako kuna la kuangaliwa. Udongo wa majangwa hayo umefunikwa na gamba jeusi lenye vinundu, nalo ni mkusanyiko wa viumbe hai vidogo vinavyoushikilia mchanga usipeperushwe. Hatua moja ya kiatu hulivunja, na kupona kwake huchukua miaka mingi. Hivyo fuata njia iliyokwisha kukanyagwa, au pita juu ya mawe na katika mikondo mikavu ya mchanga. Indian Creek imo ndani ya eneo la hifadhi la Bears Ears, lililotangazwa mwaka 2016, ambalo mataifa ya wenyeji asilia, miongoni mwao Wahopi, Wazuni, Wanavajo na Wayute, wanalihesabu kuwa ardhi ya mababu. Michoro iliyochongwa kwenye miamba isiguswe, na ufa ulio karibu nayo uachwe. Katika majira ya kuchipua baadhi ya kuta huwekwa kando kwa ajili ya tai na kozi wanaotaga, kwa hiyo ulizia hali ya ukuta kabla ya kufunga mizigo.

Vifaa na namna vinavyofanya kazi

Ufa wenye kuta sambamba haukubali kabari za kawaida za chuma, zile zinazotegemea ufa kuwa mpana juu na mwembamba chini. Mwaka 1976, Earl Wiggins alipotangulia kwenye ufa uliokuja kuwa mashuhuri kwa jina la Supercrack huko Indian Creek, alitegemea vipande vya chuma vyenye pembe sita, ambavyo katika ufa sambamba hushika kwa shida. Miaka miwili baadaye kamu, vifaa vya kinga vyenye mabawa yanayotanuka vilivyobuniwa na mkweaji Ray Jardine, ziliingia sokoni, na tangu hapo nyufa za jangwani zikawa za watu wengi.

Kamu ina mabawa ya alumini, kwa kawaida manne, yanayotanuliwa na springi na kufungwa kwa kuvuta kifyatuo. Umbo la mabawa hayo limepindwa kwa namna ambayo kadiri kifaa kinavyovutwa kwenda chini, ndivyo yanavyosukuma kuta kwenda pembeni. Nguvu inayofika kwenye kila ukuta ni karibu mara mbili ya nguvu iliyovuta kamba. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini jiwe laini ni hatari: kamu yenyewe huwa haivunjiki, jiwe ndilo linalopondeka mbele ya mabawa na kifaa kikateleza na kutoka.

Kuweka kamu vizuri katika jiwe la mchanga kunataka utulivu. Vuta kifyatuo, ingiza kamu ndani ya ufa kiasi cha kutosha ili mabawa yakae mbali na ukingo, kisha achia. Itazame kabla ya kuiamini. Mabawa yote yawe yanagusa jiwe zima, lisilo na chembe zinazopukutika wala bamba linalotoa mlio wa utupu ukiligonga kwa kisigino cha kiganja. Yawe yamefungwa kati ya nusu na robo tatu ya uwezo wake, kwa kuwa kamu iliyotanuka kupita kiasi hugeuka na kudondoka kwa mtikisiko mdogo, na iliyofungwa hadi mwisho hukwama isitoke tena. Shina lake lielekee chini, upande ambao mzigo utavuta. Ukiona upande mmoja wa mabawa umekaa penye ukungu wa mchanga laini, ufute kwa kidole au uhamishe kifaa sentimita chache. Sentimita hizo mara nyingi ndizo zinazotofautisha kinga na pambo.

Kwa kuwa upana wa ufa haubadiliki, njia ya mita 20 inaweza kudai kamu sita au zaidi za ukubwa uleule. Usiende na seti iliyochanganywa ukitumaini kwamba mambo yatajipanga huko juu. Simama chini, ingiza mkono wako katika ufa, ulinganishe na kamu ulizo nazo, kisha kama huna za kutosha azima kwa wakweaji wenzako au chagua njia nyingine. Zaidi ya hizo, chukua kamba inayonyumbuka ya mita 60, kofia ngumu, mikanda mifupi yenye karabina (pete za chuma zenye mlango wa springi), na karabina za kufunga kwa ajili ya nanga ya juu, yaani mahali kamba inapofungiwa mwishoni mwa njia.

Mikono nayo ihifadhiwe. Glavu za kukwelea nyufa zinafaa, lakini utepe wa plasta unaofungwa vizuri huacha hisia bora zaidi. Utepe ufunike mgongo wa kiganja na vifundo vya vidole, uzungushwe kwenye kifundo cha mkono bila kubana mshipa, na upande wa ndani wa kiganja uachwe wazi. Funga ukiwa umekunja ngumi, maana utepe uliofungwa kwenye mkono ulionyooka hukatika au hukaba mara tu ngumi inapokazwa.

Kupanda kwa kukaza mikono na miguu

Katika ufa safi wa jangwani hakuna cha kushika. Mkweaji huingiza kiungo chake ndani, hukitanua au hukigeuza mpaka kikwame, kisha hukining'inia.

Ufa wa takriban sentimita 5 ndio unaowafaa watu wengi, nao hupandwa kwa kiganja kizima. Ingiza mkono kidole gumba kikiwa juu, vidole vimenyooka, mpaka kifundo cha mkono kikaribie ukingo. Kisha kipeleke kidole gumba kivuke ndani ya kiganja kuelekea tako la kidole kidogo, huku ukikunja viganja mithili ya mtu anayeteka maji. Misuli ya tako la gumba itavimba upande mmoja, na vifundo pamoja na mgongo wa kiganja vitasukuma upande wa pili. Ukifanya sawasawa, utaweza kunyoosha mkono na kuegemea nyuma bila vidole kuhangaika kabisa. Ngozi huchubuka mkono unaposogea ukiwa umebeba mzigo, si wakati wa kukaza. Hivyo ukishaukaza, usiuzungushe wala usiuvute hadi uwe tayari kuutoa.

Ufa ukiwa mpana zaidi, karibu sentimita 8, ngumi huingizwa kwa upana wake na kukunjwa ndani. Ukiwa mwembamba, vidole huingia gumba likielekea chini na kiwiko hushushwa ili vijipinde na kukwama. Upana ulio kati ya vidole na kiganja ndio mgumu kuliko wote, kwa sababu mkono huingia lakini hautanuki vya kutosha. Ndiyo maana viwango vya ugumu vya nyufa havifai kuaminiwa kama sheria: mwenye mikono midogo anaweza kupita kwa starehe mahali ambapo mwenye mikono mikubwa, aliyemzidi nguvu maradufu, anakwama na kushindwa.

Hata hivyo, mikono humweka tu mkweaji karibu na ukuta; miguu ndiyo inayompandisha. Inua mguu, utoe goti nje, uulaze unyayo ili gumba la mguu liwe juu na kidole kidogo kiwe chini, kisha uchomeke ncha ya kiatu ndani ya ufa. Sasa rudisha goti mbele ya ufa huku ukisimama. Mzunguko huo mdogo hukaza kiatu kati ya kuta mbili, nawe ukawa na ngazi. Viatu viwe vya soli ngumu kiasi na visivyokunja vidole, kwa kuwa vidole vilivyokunjwa haviingii ufani na vinauma mno vinapogeuzwa. Hatua ziwe fupi. Anayenyanyua mguu juu sana huishia kujikunja, goti likamsukuma nje, na uzito wote ukahamia mikononi. Miguu ipande mara mbili, kisha mikono ipande mara moja, mikono ikiwa imenyooka muda wote inapowezekana. Mwendo huo huweka pumzi, na pumzi ndiyo inayoamua kama mkweaji ataweka kamu ijayo kwa makini au kwa papara.

Chunguza ndani ya ufa kabla ya kuingiza mkono. Nyufa za jangwani zina kivuli, na nyoka, buibui na popo huzipenda kwa sababu hiyohiyo.

Hesabu ya kuanguka karibu na ardhi

Tuchukue mfano. Mkweaji ameweka kamu yake ya mwisho katika kimo cha mita 5, na sasa nyayo zake ziko mita 7 kutoka ardhini, kiuno chake mita 8. Kiuno kimeizidi kamu kwa mita 3, kwa hiyo akiteleza atashuka mita 3 hadi usawa wa kamu na mita 3 nyingine chini yake. Ongeza nusu mita ya kamba iliyolegea na mita moja ya kunyumbuka kwa kamba, jumla inakuwa mita 7.5. Nyayo zilikuwa mita 7 juu. Amegonga ardhi, ingawa kamu ilishika, fundo lilishika na mshika kamba hakufanya kosa lolote.

Sasa tuseme aliweka kamu nyingine katika mita 7 kabla ya kuendelea. Kiuno kimeizidi kwa mita moja tu, anguko lote linakuwa kama mita 3.5, na anabaki akining'inia na nafasi ya kutosha chini yake. Kifaa kimoja, kilichochukua nusu dakika kukiweka, kimebadilisha matokeo yote.

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni yangu katika njia fupi ni kuweka kinga kwa kusongamana chini na kuziachanisha taratibu juu, kinyume na silika ya wengi wanaotaka kuhifadhi vifaa kwa ajili ya mwisho. Weka ya kwanza ukiwa bado unaweza kuifikia kwa kusimama juu ya hatua mbili za mwanzo, kisha endelea kuweka kila mita moja na nusu hadi upite kimo cha mita 8 au 9. Katika jiwe laini, kamu mbili za mwanzo ziwekwe karibukaribu, ili moja ikichomoka nyingine ibaki.

Kuna suala la mahali pa kuweka kamu kulingana na mwili. Kuiweka juu kabisa ya kichwa huonekana salama, lakini ili kuifikishia kamba huna budi kuvuta kamba nyingi ya ziada, na ukiteleza wakati huohuo unaanguka na ulegevu wote huo. Zaidi ya hayo, kamu hiyo huchukua nafasi ambayo mkono wako ulikuwa unaihitaji. Napendelea kuiweka kati ya kifua na uso, nikiwa nimesimama juu ya miguu iliyokazwa vizuri. Usiiweke pale unapoanza kutetemeka. Iweke mahali pa mwisho ulipokuwa mtulivu, kabla ya sehemu ngumu.

Mshika kamba naye asimame karibu na ukuta, kando kidogo ya mstari wa kuanguka. Akisimama mbali, anguko litaivuta kamu ya kwanza kuelekea nje badala ya chini, nayo ikitoka zinazofuata huanza kufumuka moja baada ya nyingine. Kabla ya kuanza, kila mmoja akague fundo na breki ya mwenzake kwa macho na kwa mkono, na mwisho wa kamba ufungwe fundo ili usije ukapita kwenye breki wakati wa kushusha. Makubaliano ya maneno yafanywe mapema, yawe machache na yasiyofanana kwa sauti: "Umenishika?" "Nimekushika." "Napanda." "Kaza." "Legeza." "Nishushe." Upepo wa jangwani humeza sentensi ndefu.

Juu ya ufa, na kurudi chini

Njia nyingi fupi za Indian Creek huishia kwenye bolti mbili zenye minyororo. Ukifika, jifunge kwanza kwa mkanda wako mwenyewe, vuta kwa nguvu kuhakikisha, ndipo umwambie mwenzako. Ikiwa watu kadhaa watapanda kwa kamba iliyotangulizwa, kamba ipite kwenye karabina zenu wenyewe, si kwenye pete za ukutani, ili pete zisiliwe na mchanga unaosafiri na kamba. Nanga irefushwe mpaka kamba ining'inie nje ya ukingo, kwa sababu kamba inayosuguana na jiwe la mchanga huchimba mifereji ambayo hukaa humo daima.

Anayetoa kamu na afanye taratibu. Asukume kamu kidogo kuelekea ndani ili kupunguza mkazo, avute kifyatuo, kisha aitoe kwa njia ileile iliyoingilia. Ikikataa, asiitikise ovyo, maana kamu inayotikiswa hutembea na kuzama zaidi ufani. Asogeze mabawa ya upande mmoja kwanza, kisha ya upande mwingine, akitumia kifaa chembamba cha kutolea ikibidi.

Joto na kiu vipangiwe kama vinavyopangiwa vifaa. Lita 4 za maji kwa mtu kwa siku ni kiasi cha kuanzia, na miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ndiyo yenye hali ya wastani huko Utah. Fuata kivuli: ukuta unaoelekea mashariki upandwe alasiri, unaoelekea magharibi upandwe asubuhi. Mikono yenye jasho haikazi vizuri ufani hata ukiijaza unga wa chaki.

Mkirudi, shughulikieni mchanga. Huingia kwenye ekseli za kamu na kuyafanya mabawa yasite kufunguka, na kamu inayosita haifai kurudishwa ukutani. Zisuuze kwa maji ya uvuguvugu, piga mswaki kati ya mabawa huku ukivuta na kuachia kifyatuo, ziache zikauke kabisa, kisha tia kilainishi kikavu cha nta, kwa kuwa mafuta ya kawaida hunasa mchanga mpya safari inayofuata. Kamba ioshwe kwa maji safi na ianikwe kivulini. Wakati ingali mbichi, ipitishe yote kati ya vidole kutoka ncha moja hadi nyingine, ukitafuta mahali palipobonyea au ganda lililochanika. Ukipapata karibu na ncha, kata na uchome mwisho wake, na ukipapata katikati, kamba hiyo imemaliza kazi yake ya kukwelea.